Ukwangala: Wanyakyusa wa Rungwe kutoka Enzi hadi Enzi

   

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari zetu wenyewe. Nawasikia vijana, na siku hizi hata watu wazima, wakisema kwamba Mnyakyusa wa kweli alikwisha zamani. Wanasema mila zilivunjwa na Wajerumani, zilizobaki zikazikwa na kanisa, na zilizoponyoka huko zimemalizwa na simu za mkononi. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza sababu. Hoja yangu ni moja, na nitairudia mara kadhaa ili aliyechelewa kufungua redio asipitwe. Wanyakyusa wamebadilika katika kila enzi, tena wamebadilika sana, lakini lipo jambo moja walilolibeba kutoka enzi hadi enzi: kuishi na wenzao. Kukaa pamoja, kula pamoja, kujenga pamoja na watu wa rika lako. Wazee wetu wanaliita ukwangala.

Basi twende taratibu. Tuanze na nchi yenyewe, kwa sababu bila nchi hii hatuwezi kuelewa watu wake.

Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000 kwenda juu. Kusini mashariki yake upo mlima Kyejo, ambao ulitoa moto na lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Hebu fikiri, ni juzi tu hapo. Babu wa babu zetu waliuona moto ule kwa macho. Milima hii ndiyo iliyotupa udongo huu mweusi, na mvua tunazipata karibu mwaka mzima, ndiyo maana mgomba wa hapa hauchagui msimu. Kwingineko wakulima wa zamani walilazimika kuhama kila baada ya miaka michache, shamba likichoka. Huku mtu aliweza kukaa mahali pamoja, akapanda migomba, akapiga matuta ya maharage, akafuga ng'ombe, na bado ardhi ikamlisha.  

Wenyeji tulitoka wapi? Koo za machifu zinasimulia kwamba wahenga wao waliteremka kutoka milima ya Ukinga, ng'ambo ya mashariki, wakawakuta watu wengine tayari wako hapa. Huko Lubaga, chini ya mlima Rungwe, alikaa Lwembe, mkuu mtakatifu aliyeombewa mvua na rutuba. Kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, palikuwa na mahali pa ibada ya Kyala, jina ambalo leo tunamwitia Mungu kanisani. Ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, ndugu zetu Wangonde walikuwa na Kyungu wao. Hata jina hili la Wanyakyusa halikuwa letu sote zamani. Lilikuwa la watu wa bondeni, karibu na ziwa. Huku juu walikuwapo Wakukwe, Waselya, Walugulu. Wajerumani walipokuja wakatuweka wote katika fungu moja wakatuita Wakonde. Mfalme mmoja wa nchi nzima hatukuwa naye. Walikuwapo machifu wengi wadogo wadogo, kila mmoja malafyale katika eneo lake, na kila mmoja akiwa na wakuu wa vijiji, amafumu, ambao hawakuwa wa ukoo wa kichifu lakini malafyale hakuthubutu kuwapuuza.

Sasa tufike kwenye kiini. Tegeni sikio.

Sehemu nyingi za Afrika, kijiji cha zamani kilikuwa kijiji cha ukoo: baba, wanawe, kaka na wajukuu. Kwetu haikuwa hivyo. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi, mwenye kuchunga ng'ombe wa baba yake, alitoka nyumbani. Yeye na wenzake wa umri ule walipewa sehemu pembeni ya kijiji cha baba zao, wakajenga vibanda vyao. Vya kwanza vilikuwa hovyo, vya kitoto. Lakini kadiri walivyokua walijifunza kusimamisha mianzi, kuifunga, kukandika udongo na kuezeka nyasi, mpaka wakatoa nyumba zilizowashangaza wageni. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipita huku mwaka 1879, akazisifu nyumba na usafi wa vijiji kwa maneno ambayo wasafiri wa wakati ule waliyatumia kwa nadra.

Chakula je? Vijana wale walikwenda kula kwa mama zao, lakini hakuna aliyekwenda peke yake. Walikwenda kundi zima. Leo kwa mama yako, kesho kwa mama yangu. Kijana aliyezoea kula peke yake alionekana mtu wa hatari, na aliyewanyima wenzake alisemwa. Hapo ndipo ukwangala ulipofundishwa, katika sahani ya ndizi na maziwa ya mgando. Adabu, ucheshi, kusikiliza, kujua kunyamaza: mtoto hakufundishwa na baba mambo haya. Alifundishwa na wenzake.

Na kwa nini walitoka? Wazee walitoa sababu waziwazi: ni aibu kijana anayekua kulala karibu na chumba cha wazazi wake. Tena kulikuwa na mwiko mkubwa kati ya mkwe mwanamke na baba wa mume. Bibi harusi hakutakiwa hata kuonana naye. Sasa mtaishije kijiji kimoja? Vijana walipooa, wakawaleta wake zao kwenye kijiji chao, mbali kidogo na baba. Mwiko ukatunzwa na amani ikatunzwa.

Kisha likaja jambo kubwa kuliko yote, ubusoka. Karibu kila miaka thelathini, wana wa chifu na rika lao walipokuwa watu wazima, nchi ilikabidhiwa kwao. Ilikuwa sherehe ya kweli ya kupokezana. Moto wa zamani ulizimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, kila kijiji kipya kikachukua moto wake hapo. Wakuu wapya wa vijiji wakatajwa. Miti ikapandwa kuweka kumbukumbu. Nchi ya chifu ikagawanywa kati ya wanawe wawili wakubwa, na baba akasogea kando, ikijulikana kwamba siku zake hazikubaki nyingi. Ndugu zangu, tafakarini jambo hili. Ni nchi ngapi za leo zinazoweza kukabidhi madaraka kwa kizazi kipya, kwa wakati unaojulikana, bila ugomvi wala kutafutana?

Lakini nitasema ukweli wote, maana kuupamba wakati uliopita ni kuwakosea waliouishi. Ng'ombe walikuwa wa wazee. Kijana alisubiri miaka mingi kupata mahari, huku mzee mwenye zizi akioa mke wa tatu na wa nne, na wasichana wakichumbiwa wangali wadogo. Ukwangala wa wanaume ulisimama juu ya jembe na mgongo wa wanawake. Hilo halifutiki, na wanawake wanaonisikiliza wanalijua kuliko mimi. Pia wapo wasomi, kama Simon Charsley mwaka 1969, walioandika kwamba picha ya vijiji vya marika imechorwa nzuri mno kuliko ilivyokuwa. Sawa, inawezekana. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba vijiji vile vilikuwapo.

Wasikilizaji, nitawapeleka mbali kidogo, kisha tutarudi. Katikati ya bahari ya Pasifiki kipo kisiwa cha Guam, na wenyeji wake ni Wachamorro. Mwaka 1521 alifika kwao Magellan na merikebu zake. Mwaka 1668 padri Mhispania, San Vitores, akaanzisha misheni. Mwaka 1898 Wamarekani wakachukua kisiwa, mwaka 1941 Wajapani wakakivamia, na mwaka 1944 Wamarekani wakarudi. Nimewataja kwa sababu Wachamorro wa kale nao walikuwa na nyumba za vijana. Wavulana waliishi pamoja humo wakajifunza kazi, ubaharia wao na mila zao. Mapadri wakazipiga vita mpaka zikafutika. Na bado Wachamorro wapo leo, wana lugha yao, wana karamu zao za kijiji ambapo kila jirani analetewa chakula. Watu wa mbali hivyo, na kisa kinafanana na chetu! Nao pia huzihesabu enzi zao kwa majina ya wageni, kama sisi tunavyosema enzi za Mjerumani, enzi za Mwingereza. Mimi napenda tuzihesabu kwa yale tuliyoyafanya sisi ndani ya enzi hizo.

Haya, turudi nyumbani.

Kabla ya Mjerumani kulikuwa na vitisho vingine. Kaskazini Wasangu wa chifu Merere walivamia kutafuta ng'ombe. Upande wa Karonga, mfanyabiashara wa watumwa Mlozi aliwashambulia Wangonde mwaka 1887, na wengi wakakimbilia kwa ndugu zao upande huu wa Songwe. Kisha mwaka 1891 wamisionari wakafika: Wamoravian, akina Theodor Meyer, wakaanza kituo cha Rungwe, na wa misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakashika upande wa mashariki na ziwani. Ndiyo maana mpaka leo huku tuna Wamoravian wengi na kule Walutheri wengi, na Dayosisi ya Konde makao yake yako hapa Tukuyu. Serikali ya Kijerumani ilifuata, ikajenga boma ufukweni ikapaita Langenburg, kisha ikahamia huku juu kwenye baridi na kupaita Neu-Langenburg. Ndiyo Tukuyu hii.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwa ukwangala. Wakristo wa kwanza walikuwa wengi wao watu wasio na pa kushika: watumwa waliokombolewa, wakimbizi, wanawake waliotoroka ndoa. Wakajenga kuzunguka misheni. Walifukuzwa, wengine walilaaniwa na jamaa zao kwa kukataa matambiko, na mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja, jambo lililowatesa wanaume na kuwatesa zaidi wanawake walioachwa. Lakini ule mkusanyiko wao ulikuwa nini? Watu wasio wa ukoo mmoja, wanaishi kijiji kimoja, wana wazee wao, wanakula pamoja na kuimba pamoja. Mnyakyusa aliyeingia humo hakuona ugeni mkubwa. Alikuwa ametoka kijiji cha rika akaingia kijiji cha imani.

Vita ya kwanza ya dunia nitaipita haraka. Septemba 1914 Wajerumani wa huku walishambulia Karonga wakapigwa. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yakaingia Neu-Langenburg, na jina la Tukuyu likarudi. Waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa babu zetu, na wengi hawakurudi.

Tukae kidogo kwenye enzi za Mwingereza, maana hapo ndipo vijiji vya marika vilipoanza kufa. Mnajua viliuawa na nini? Si amri ya serikali iliyoviua, wala mahubiri ya kanisa. Ni kahawa!

Mti wa kahawa ukishapandwa unakaa miaka mingi. Ukiushughulikia vizuri, utakuzidi umri. Sasa kijiji cha rika kilitaka ardhi igawanywe upya kila kizazi, watu wasogee, wapishe. Nani atapisha shamba lake la kahawa? Nani atamwachia jirani mikahawa aliyoitoa jasho, eti kwa sababu ubusoka umefika? Mtu akaanza kusema hili ni langu, na nikifa ni la mwanangu. Watu nao waliongezeka, ardhi ikabana. Philip Gulliver, mtaalamu aliyefanya kazi hapa Tukuyu miaka ya 1950, aliyaandika haya mwaka 1958 katika kitabu chake juu ya ardhi ya Wanyakyusa. Baba na mwana wakaanza kukaa jirani, na ule mwiko wa mkwe ukalegea.

Wakati huohuo vijana wakaondoka. Kwanza walikwenda Lupa kule Chunya, kwenye dhahabu. Kisha wakaenda migodi ya shaba ya Zambia, na wengine wakachukuliwa na Wenela, shirika la kuajiri wachimba migodi, hadi Afrika Kusini, chini kabisa ya ardhi. Na kijana aliyerudi na mshahara wake hakusubiri tena ng'ombe wa baba. Alinunua ng'ombe wake mwenyewe. Nguvu ya wazee ikapungua hapo. Lakini ulizeni waliokwenda: walikaa na nani kule? Walikaa na watu wa kwao. Walichangiana nauli ya mgonjwa, walizikana, walipelekeana barua. Nirudie: kijiji kilikufa, ukwangala ukasafiri.

Miaka hiyohiyo, kuanzia 1934, walikuja huku Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, wakaishi na kuandika. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinachoitwa Good Company, yaani ukwangala huohuo, kinasomwa vyuo vikuu duniani kote. Lakini nataka leo majina mengine yasikike hewani. Leonard Mwaisumo na John Brown Mwaikambo ndio waliokuwa wakitafsiri, wakihoji, wakiandika kwa mkono maneno ya wazee. Kasitile, mwombaji mvua, alikaa vikao virefu akieleza matambiko. Bila watu hawa kitabu kile kisingekuwapo. Wanyakyusa hawa walijua kwamba ubusoka hautarudi, wakaamua habari zake zibaki.

Na elimu ya wenyeji haijaisha kutumika. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Rungwe walisikia kwa wanakijiji habari za kima mwenye aibu, anayeishi juu ya miti mlimani, aitwaye kipunji. Wakamtafuta wakamwona. Wataalamu wa dunia walipomchunguza, mwaka 2006 wakampa jenasi yake mpya, wakaiita kwa jina la mlima wetu, Rungwecebus. Wawindaji wetu walikuwa wakimjua siku zote.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Malafyale akawa mzee wa kawaida mwenye heshima. Vikaja vyama vya ushirika, vijiji vya ujamaa, na wakulima wadogo wa chai ambao baadaye walipata hisa katika kiwanda cha Katumba. Ikaja pia siku ambayo wenye umri wangu hatuisahau. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, timu iliyopanda daraja muda si mrefu, ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Vijana wa rika moja, kutoka mji mdogo wa mvua na ukungu! Ukiniuliza ni wapi rika la Kinyakyusa lilionekana mara ya mwisho likiingia vitani, nitakwambia ni uwanjani mwaka ule.

Hebu sasa twende msibani, maana ukitaka kumjua Mnyakyusa wa leo nenda msibani kwake. Zamani wanaume walicheza na mikuki kaburini, wanawake wakilia kwa sauti za kupokezana. Leo utasikia nini? Matarumbeta ya Moravian. Vijana sita, saba, mashati meupe, wamesimama kwenye matope kando ya migomba, wanapuliza. Nyuma ya nyumba moto mkubwa, masufuria ya mbalaga, wanawake wamefunga vitenge wanamenya ndizi mikono ikiwa myeusi kwa utomvu. Upande wa wanaume daftari la michango linazunguka, na anayeandika ni mtu wa rika la marehemu. Hakuna aliyewaita hawa kwa barua. Wenzake wa zamani wa shule, wa kwaya, wa timu, wa kikundi cha chai, kila mmoja anajua sehemu yake: huyu kuchimba, huyu kuni, huyu kupokea wageni wa Dar es Salaam watakaoshuka na basi la usiku. Nani amewapangia? Hakuna.

Kwa wanawake, nasema kwa furaha kubwa, mambo yamegeuka. Zamani kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume, mke akaletwa ndani yake kama mgeni. Leo ukipita Kyimbila au Masoko siku ya kikundi cha kuweka na kukopa, wanaokaa duara ni wanawake. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wameshika watu watatu tofauti. Mmoja anakopa apeleke mtoto sekondari, mwingine anunue miche ya parachichi. Wanacheka, wanakosoana, wanatozana faini kwa kuchelewa. Wanafanya kile ambacho babu zao walikifanya na bibi zao hawakuruhusiwa. Huu ndio ukwangala wa enzi hii, na umepata wenye kuustahili.

Muda wangu unakwisha. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza juu ya Wenela na migodi ya shaba. Kama kwenu yupo mzee aliyekwenda, au mama aliyebaki akilea watoto peke yake miaka ile, mkae naye wiki hii, mumuulize alisafiri na nani na walikaaje huko, muandike, mtuletee studioni.